Rangi ya unga kwa darasa la watoto 50: inafaa, mradi mwalimu ajue kuikoroga

Shule nyingi zikipata fedha kidogo za vifaa vya sanaa hukimbilia vitu viwili: krayoni za nta, na vile visanduku vya rangi za maji vyenye vidonge 12 na kiburashi kimoja chembamba. Vyote vina kazi yake. Lakini kwa darasa kubwa la shule ya msingi, ambamo kila mtoto anahitaji rangi ya kujaza karatasi nzima, ya kwanza kupewa nafasi iwe ni rangi ya unga, ile inayouzwa kwenye makopo au mifuko ya nusu kilo na kilo moja na kukorogwa kwa maji palepale shuleni. Tunaihakiki hapa kama kifaa cha kufundishia. Msanii anayeuza picha anataka rangi itakayodumu kuliko yeye mwenyewe. Mwalimu wa darasa la tatu anataka rangi inayofunika, isiyomdhuru mtoto, inayotoka kwenye sare, na inayowatosha watu 50 ndani ya kipindi cha dakika 35 au 40.

Ndani ya unga huo mna vitu vitatu: rangi yenyewe iliyosagwa, kijazio cheupe (chaki au udongo wa kaolini), na gundi kavu, mara nyingi deksitrini inayotokana na wanga. Uwiano wa vitu hivyo ndio unaotenganisha kopo zuri na hela iliyotupwa. Kijazio kikizidi, rangi hupauka inapokauka. Gundi ikipungua, picha humomonyoka mara tu inapokunjwa. Kwa hiyo kabla ya kununua kilo kadhaa, nunua kopo moja ulijaribu. Koroga kijiko kimoja, paka mraba mzito kwenye kipande cha manila, uache ukauke kabisa, kisha usugue kwa kidole gumba mara kumi. Kidole kikitoka na alama hafifu, ni kawaida. Kikitoka kimejaa unga kama cha mtu aliyeshika chaki ubaoni, rudisha kopo au ujiandae kuongeza gundi kila siku. Kisha dondoshea siki au maji ya ndimu kwenye unga mkavu. Chaki hutoa povu, na povu likifurika ujue umeuziwa chaki iliyotiwa rangi. Povu lisipotokea bado usiamini moja kwa moja, kwa sababu kaolini haitoi povu. Ndiyo maana jaribio la kidole linabaki kuwa la kwanza. Ukidondoshea bluu ya ultramarini nayo ikapauka na kunuka yai viza, usishtuke. Asidi huiharibu rangi hiyo hata iwe bora namna gani.

Kosa linaloharibu vipindi vingi zaidi ni kuikoroga nyepesi. Mwalimu anaangalia kopo, anahesabu vichwa 50, anaongeza maji. Kinachofuata ni maji yenye rangi: karatasi inajikunja, njano haionekani, nyekundu inatiririka hadi kwenye anga iliyokwisha kupakwa, na mtoto anaondoka akiamini kwamba hajui kuchora. Hilo linauma, maana aliyeshindwa hapo si yeye. Anza na vijiko viwili vya unga kwa kijiko kimoja cha maji. Maji yaingie kidogo kidogo huku ukiponda, upate kwanza kitu kizito kama siagi ya karanga. Madonge yote yavunjwe hapo, kwa sababu donge lililokwisha kuelea ndani ya maji mengi halivunjiki tena. Baada ya hapo ndipo uongeze maji hadi ifikie uzito wa maziwa ya mgando. Inua burashi: tone likijikusanya kwenye ncha na kusita kabla ya kuanguka, umefika. Likianguka papo hapo, umepita, ongeza unga. Kwa uzito huo kilo moja hutoa takriban lita moja ya rangi. Ukiilegeza kwa ajili ya anga au maji ya bahari, utapata lita moja na nusu.

Rangi hazikubali maji kwa namna moja. Njano na nyeupe hulowana haraka. Nyeusi, zambarau na baadhi ya nyekundu, hasa ile ya damu ya mzee, huelea juu ya maji kama vumbi juu ya dimbwi, na ukikoroga kwa nguvu unapata tu vumbi lililolowa nje na kavu ndani. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kikombe kizima linatosha kuzilainisha. Matone matano yataleta povu, na kila kipovu kikipasuka karatasini huacha kitundu cheupe. Koroga nusu saa kabla ya kipindi ili unga unywe maji vizuri, kisha pitisha kwenye chujio la chai kama kuna mabaki.

Kazi hiyo ifanywe na mwalimu, nje ya darasa, pasipo upepo, akiwa amevaa barakoa. Watoto wapewe rangi iliyokwisha kulowa. Vumbi hili ni laini mno na halifai kuvutwa kifuani hata kama kopo limeandikwa kwamba halina sumu, kwa sababu maandishi hayo hayampi mtu ruhusa ya kuvuta unga. Meza isipanguswe kwa kitambaa kikavu, tumia kilicholowa.

Ukiwa na unga wenye gundi haba, ongeza gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa sehemu kumi za rangi iliyokorogwa. Gundi hiyo ina faida nyingine ambayo walimu wengi hawaitumii. Rangi ya unga ikikauka huweza kuyeyuka tena ikiguswa na burashi yenye maji, hivyo mtoto akiweka nukta nyeupe juu ya mwili mweusi wa kanga, ile kanga ya porini, nukta hutoka kijivu. Ukitia sehemu moja ya gundi kwa sehemu nne za rangi ya tabaka la chini na kuliacha likauke kabisa, nukta nyeupe hukaa juu yake bila kuchafuka. Ila burashi iliyogusa mchanganyiko huo ioshwe kabla ya kengele. Ikikaukiwa na gundi, imekwisha.

Sasa kuhusu rangi zipi. Seti zinazouzwa pamoja huwa na kijani, zambarau, machungwa, kahawia na waridi vimejazwa humo ili idadi ionekane kubwa. Usinunue seti hizo. Faida kubwa ya rangi ya unga darasani ni kwamba mtoto anaona kwa macho yake rangi mbili zikizaa ya tatu, na ukimpa kijani tayari umemnyang'anya somo. Hata hivyo nyekundu moja na bluu moja hazitoshi. Zambarau ndiyo mtihani wa seti yoyote: nyekundu inayoelekea machungwa ikikutana na bluu inayoelekea kijani hutoa kahawia ya matope, kwa kuwa ndani yake mna njano iliyojificha. Kwa zambarau safi unahitaji nyekundu inayoelekea waridi, yaani majenta, pamoja na ultramarini. Kwa kijani cha kuvutia unahitaji njano ya limau na bluu ya sayani. Ndiyo maana nyekundu mbili na bluu mbili zina thamani kuliko seti ya rangi 12.

Namna ya kuchanganya nayo ifundishwe. Weka kijiko kimoja cha njano kwenye kifuniko, kisha chovya ncha tu ya burashi kwenye bluu. Tone lisilozidi punje ya mtama linatosha kuigeuza njano yote kuwa kijani cha jani changa la mgomba. Mtoto asiyeelekezwa huanza na bluu, akaongeza njano, akaongeza tena, hadi kifuniko kinafurika na kijani bado kina giza. Kanuni ya kumpa ni moja tu: rangi yenye giza iifuate yenye mwanga, tena kidogo kidogo. Kipindi kizima cha kwanza kitumike kwa hilo, bila picha ya kitu chochote, kila mtoto akijaza miraba 8 ya kijani tofauti. Wanapenda kuliko unavyodhani.

Kwa picha za watu, seti nyingi za kigeni zina kopo moja la rangi ya mwili, na hiyo huwa ni waridi iliyofifia. Mtoto wa Tandahimba au wa Kisumu akipaka uso wa mama yake kwa kopo hilo, picha inamdanganya. Anza na kahawia ya udongo, au machungwa yaliyotiwa bluu kidogo, kisha mpeleke mtoto kwenye mkono wake mwenyewe: mgongo wa kiganja hauna rangi moja na ndani ya kiganja, na kwenye vifundo vya vidole rangi inakolea. Tone la njano hupasha joto, tone la bluu huongeza giza. Nyeupe itumike kwa uangalifu sana hapa, maana huifanya ngozi iwe kama majivu.

Hesabu ya darasa ni hii. Watoto 50, makundi 10 ya watoto watano. Kila kundi linapata vifuniko vitano vya makopo ya siagi, kila kimoja na mililita 15 za rangi: nyeupe, njano, nyekundu moja na bluu mbili, au mchanganyiko mwingine kulingana na somo. Hiyo ni mililita 75 kwa kundi na mililita 750 kwa darasa, sawa na mililita 15 kwa mtoto, kiasi kinachotosha karatasi ya A4 pamoja na kile kitakachomwagika. Kwa A3, zidisha mara mbili. Vifuniko vya chupa za maji ya kunywa ni vidogo mno kwa burashi ya maana, vitumike tu kwa kuchanganyia. Kila kundi liwe na vikopo viwili vya maji, vitako vya chupa za lita moja na nusu vilivyokatwa vinafaa: kimoja cha kuoshea, kimoja cha maji safi. Kikopo kimoja peke yake huwa kijivu ndani ya dakika tano, na kuanzia hapo kila rangi darasani inakuwa kijivu. Kati ya kuosha na kuchovya, burashi ipanguswe kwenye kitambaa. Hatua hiyo ndogo ndiyo inayolinda uzito wa rangi uliohangaika kuupata asubuhi. Katika kipindi cha dakika 40, toa tano za kugawa na kumi za kusafisha; anayepanga dakika 35 za kupaka atamwachia mwalimu wa hisabati meza zilizolowa.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 haifai, hujikunja na kutoboka. Manila inafaa sana, na shiti moja ya A1 hutoa vipande 8 vya A4, kwa hiyo shiti 7 zinatosha darasa zima na vipande vichache vinabaki vya kujaribia. Karatasi ya kaki ya kujalidia madaftari ni nzuri ajabu kwa nyeupe na njano, kwa sababu rangi ya unga hufunika na haihitaji weupe wa karatasi chini yake. Hapo ndipo inapovishinda vidonge vya rangi za maji, ambavyo kwenye karatasi yenye rangi hupotea kabisa.

Vidonge hivyo vina sifa zake: havimwagiki, havihitaji kukorogwa, na sanduku likifungwa kazi imekwisha. Kwa kikundi cha watoto 12 wa umri wa miaka kumi na zaidi, wanaochora kidogo kidogo kwa utulivu, ni bora kuliko unga. Kwa mtoto wa miaka saba ni mateso, anasugua kidonge hadi burashi inapoteza nywele na bado anapata rangi hafifu. Vipo vidonge vikubwa vya tempera, yaani rangi ya maji inayofunika, vya kipenyo cha sentimita tano hivi, ambavyo hufunika vizuri zaidi, na shule isiyo na mwalimu mwenye muda wa kukoroga ichukue hivyo. Rangi ya chupa iliyo tayari ni laini na haina vumbi, lakini unalipia na kusafirisha maji ambayo bomba la shule lingetoa. Krayoni zisiachwe: mtoto akichora samaki kwa krayoni nyeupe kwa kukandamiza, kisha apake juu yake bluu iliyolegezwa sana, nta hukataa maji na samaki anatokea. Zoezi hilo ndilo linalotaka rangi nyepesi kabisa.

Burashi ziwe bapa, namba 8 hadi 12, mbili kwa kila mtoto ikiwezekana. Uliza nywele zake ni za nini. Burashi nyingi ngumu za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na katika shule za Zanzibar, Mombasa na kwingineko kwenye watoto Waislamu hilo si jambo la kupuuzwa. Za nailoni zinafanya kazi hii vizuri tu. Burashi isiachwe imesimama ndani ya maji, kwa sababu nywele hupinda na mti wa mpini huvimba, kisha ukikauka husinyaa na kile kibati kinachoshika nywele kinachegea. Ioshwe, ikamuliwe kwa vidole, ikaushwe imelala, ndipo isimamishwe kichwa juu.

Onyo kuhusu njia za mkato. Watoto wengi wanaijua michoro ya Tingatinga na wanataka rangi zing'ae vile. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za madukani na vibao vya masonaiti (ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizogandamizwa), na mwalimu anaweza kushawishika kuleta mabaki ya rangi ya milango pamoja na thina. Asilete. Thina haina nafasi kwenye chumba chenye watoto, na rangi ya mafuta ya zamani, hasa njano, machungwa na nyekundu, huweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya sakafu inayopimwa kwa mizani dukani nayo imetengenezwa kwa ajili ya saruji, haijapimwa kwa vidole vinavyoingia mdomoni. Nukta na mistari ya Tingatinga inapatikana kwa unga wenye gundi kama tulivyoeleza, na mng'ao unaongezwa mwishoni na mwalimu kwa tabaka jembamba la gundi nyeupe iliyolegezwa kwa maji. Apitishe burashi laini mara moja tu, bila kurudia.

Kwenye kopo tafuta alama EN 71-3, kipimo cha Ulaya cha metali zinazoweza kutoka kwenye vitu vya watoto, au alama ya AP ya taasisi ya Marekani ya ACMI, inayosema kwamba bidhaa imekaguliwa na haina sumu. ASTM D-4236 peke yake isikutulize. Hiyo inathibitisha tu kwamba lebo imeandikwa kwa utaratibu wa kutaja madhara ya muda mrefu kama yapo, na bidhaa yenye madhara nayo inaweza kuibeba. Unga wa kupimiwa kutoka kwenye gunia lisilo na lebo, hata uwe wa bei ya kutupa, uache hapo hapo.

Madoa kwenye sare nyeupe ndiyo malalamiko makuu ya wazazi. Pangusa rangi iliyolowa kwenye karatasi ya chooni yenye maji. Ikibaki mahali pake, ni chembe za kusagwa na kwa kawaida zitafulika. Ikisambaa mbele ya doa kama chai, imetiwa rangi ya kuyeyuka na itang'ang'ania pamba. Doa lisuuzwe kwanza kwa maji baridi bila kusugua, sabuni ifuate. Shati kuukuu la mtu mzima, lililovaliwa kinyumenyume na kufungwa vifungo mgongoni, ni aproni tosha.

Udhaifu mkubwa wa rangi hii kwetu ni joto. Gundi yake ni wanga, na wanga uliolowa pwani huchacha ndani ya siku mbili au tatu: unanuka, unatoa utando, na rangi inakosa nguvu ya kushika. Koroga ya siku hiyo tu. Kama ni lazima ilale, tia matone mawili au matatu ya mafuta ya karafuu kwa lita, hata yale ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba, ambayo huzuia ukungu. Yasizidi hapo na yatiwe na mwalimu, kwani mafuta yenyewe huwasha ngozi na macho. Unga mkavu ukae kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, mbali na sakafu. Ukishagandamana kwa unyevu, uponde kwenye mfuko kwa kutumia chupa, bado unafaa.

Kwa muhula wenye vipindi 8 vya kupaka, darasa la watoto 50 linahitaji kilo 6: nyeupe 2, njano ya limau 1, nyekundu mbili nusu kilo kila moja, bluu mbili nusu kilo kila moja, kahawia ya udongo nusu na nyeusi nusu. Nyeupe huisha kwanza kila mara, hivyo msipunguze hapo. Fedha zikipungua, ondoeni nyeusi. Makaa ya jikoni yaliyotwangwa, yakachujwa kwa kitambaa na kukandwa kwa gundi nyeupe na maji, hutoa nyeusi ya kutosha mistari na macho ya ndege, na wale watoto wa nyuma wanaopenda kutwanga watakuwa wamepata kazi. Makaa yaloweshwe kabla ya kutwangwa, yasipeperuke.